Kisanduku cha Tatu

Barua ile ilifika na gari la barua la saa nne asubuhi, na postamasta wetu akaisoma akiwa amesimama. Hapo nikajua kuna neno. Bwana yule alikuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa ameketi, kipande cha mkate kando ya mhuri, na mteja asubiri.

Tulikuwa opereta wawili katika ofisi ya simu ya Kikima, mimi na mwanamke mmoja aliyenizidi miaka kumi na miwili, ambaye nilimwita dada hata siku tulizogombana. Mtu wa milima ya Mbooni akitaka kuongea na Nairobi, alizungusha mkono wa simu yake, kitaa kikawaka mbele yangu, nikachomeka waya na kumuuliza anamtaka nani. Kisha nikachomeka waya wa pili upande wa huyo anayetakiwa, nao wakaongea. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na mitatu, na niliipenda kuliko nilivyowahi kukiri mbele ya watu. Niliwajua wateja wetu wote kwa sauti. Nilijua ni mwalimu mkuu gani aliyesema yuko mkutanoni na kumbe jogoo wake anawika nyuma yake. Nilikuwa nimeapa kutosema niliyoyasikia, na mpaka leo sijasema, kwa hiyo usiniulize.

Barua ilisema swichibodi yetu itang'olewa kabla ya mwaka kwisha. Mitambo mipya ilikuwa ikija, ya kujiunganisha yenyewe, na opereta hawatahitajika. Kila mmoja wetu alipewa fomu yenye visanduku vitatu, atie alama kwenye kimoja. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kozi ya kompyuta ya wiki sita, kuandika barua na kupanga majedwali, kisha urudi kukaa kaunta. Cha pili kilikuwa kustaafu mapema. Cha tatu kilikuwa kozi ya mitandao ya kompyuta, miezi minne, chuo utafute mwenyewe bora kitoe cheti kinachotambulika. Chini yake kulikuwa na maneno madogo ambayo niliyasoma mara tatu: ofisi itagharamia mtihani mmoja tu, na atakayeanguka atahesabiwa kuwa amechagua kisanduku cha pili.

Yaani ukianguka, kazi hakuna.

"Wewe weka tick kwa ya kwanza twende wote," dada akaniambia. "Hizo computer packages ni six weeks tu. Tunarudi hapa, tunakaa kwa kaunta, tunauza stamp, tunazeeka pole pole."

Maneno hayo ya kuzeeka pole pole hayakunipendeza. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Lakini nilikuwa tayari nimeinua kalamu kuelekea kisanduku cha kwanza, na kalamu ingeshuka, kama postamasta angenyamaza.

"Hiyo ya tatu msijisumbue nayo," akasema. "Hiyo ni ya mafundi. Ni kazi ya wanaume ya kupanda juu ya ceiling na kuvuta waya."

Mimi nina kasoro moja ambayo mama yangu alianza kuiombea nikiwa mtoto mdogo: nikiambiwa jambo si langu, nalitaka. Nikaikunja fomu, nikaitia mkobani, nikamwambia postamasta kwamba kwa muda wa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikivuta waya mbele ya macho yake, naye hakuwa amegundua kwamba mimi si mwanamume.

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kunipigia makofi. Mume wangu alifanya kazi Mombasa na msaada wake ulikuja kama mvua ya Ukambani. Ukija, unashukuru, usipokuja, huna wa kumshtaki. Watoto wangu wawili na mimi tuliishi kwa mama, na chakula cha nyumba ile kilitoka shambani kwake na kwenye kazi yangu. Nilipomweleza mama habari za visanduku, alikuwa ameketi mlangoni akisokota mkonge juu ya paja lake, nyuzi mbili mbili, akitengeneza kamba za kusukia kiondo, kikapu cha kwetu. Hakuacha kusokota.

"Cha kwanza hakina hatari?" akauliza.

"Hakina."

"Na hicho cha tatu kikikushinda?"

"Nitakuwa sina kazi."

Akasokota kamba nzima, akaipima kwa mkono, akaiweka kando. Sisi tulizungumza Kikamba, na alichosema sasa Waswahili wana methali yake kamili: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kisha akanyamaza. Mama akinyamaza hakuwa amemaliza. Alikuwa amekuachia uendelee kumsikia peke yako. Alininyamazia siku mbili. Siku ya tatu nikatia alama kwenye kisanduku cha tatu, kwa hofu na kwa ukaidi, na siwezi kusema kipi kilikuwa kingi.

Nikaomba likizo ya wiki moja nitafute chuo.

Wakati ule vyuo vya kompyuta vilikuwa vimeota kila mahali kama uyoga baada ya mvua. Kila ukuta wa soko ulikuwa na karatasi iliyobandikwa. Cha kwanza nilichokitembelea kilikuwa katika mji wa Wote. Kompyuta zilikuwa tatu, zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama viti vya sebuleni, na wanafunzi ishirini hivi walikuwa wakigonga vidole juu ya makaratasi yaliyochorwa herufi. Niliuliza kompyuta zinafunuliwa lini. Mwenye chuo akaniambia, kwa upole mkubwa, kwamba vumbi la Wote ni baya sana kwa mashine. Nikamuaga.

Cha pili kilikuwa katika mji mdogo wa Salama, kando ya barabara kuu, katikati ya bucha na fundi wa kuchomelea vyuma. Huko nilipokelewa na kijana aliyevaa tai, na kwa sauti ya kuhubiri akanisomea vyeti kumi na viwili ambavyo ningepata kwa miezi mitatu. Kulikuwa na cheti cha mitandao, cha usalama wa kompyuta, cha uhasibu, cha urembo.

"Hata urembo?" nikauliza.

"Madam, siku hizi lazima uwe all-round."

Kazi ya opereta inakufundisha sauti. Mtu anayesema ukweli husita mahali fulani, kwa sababu ukweli una mabonde. Yule kijana hakusita hata mara moja. Nilimshukuru, nikanunua nusu kilo ya nyama pale bucha ya jirani ili safari isiwe bure kabisa, nikaenda zangu.

Cha tatu kilikuwa Kitui mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Ngazi ilikuwa nyembamba, na chumba chenyewe kilikuwa kibaya kwa macho: kebo zinaning'inia ukutani, kompyuta zimevuliwa vifuniko hadi utumbo unaonekana, na wanafunzi wawili wamelala chini ya meza wakitafuta kitu. Mwalimu alikuwa Mswahili mzaliwa wa Kitui, ambaye babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kilichonyooka, chenye adabu. Cha kwangu kilikuwa cha mlimani. Nilimwonyesha karatasi ya ofisi, nikamwambia nataka cheti cha usalama wa mitandao, kile cha juu kabisa, maana nilikuwa nimekisikia Salama nikakipenda jina.

"Hicho sikufundishi," akasema.

"Kwa nini, mwalimu? Hiyo ya security ndio iko na heshima."

"Dada yangu, huwezi kutia kufuli nyumba usiyojua ina milango mingapi. Anza na mashine yenyewe, uijue ndani. Kisha mtandao. Usalama utakuja ukiwa na kazi tayari, baada ya mwaka mmoja au miwili. Na huo mtandao wenyewe si wa mchezo. Safari iliyopita walifanya mtihani watu tisa, wakapita watatu." Akasita. "Na mmoja katika hao watatu alikuwa karudia."

Nilisikia pale aliposita. Nikamuuliza kama ana nafasi, akasema anayo, ila nifikiri vizuri kwanza kwa sababu ofisi yangu inanipa mtihani mmoja. Alikuwa mtu wa kwanza katika wiki ile nzima kujaribu kunifukuza. Nikajiandikisha hapo hapo.

Nilipanga chumba Kitui, nikawaacha watoto kwa mama. Mtu aliyezoea ukungu wa Mbooni hawezi kuelezwa joto la Kitui akaamini. Wiki ya kwanza nilitembea na leso yenye maji shingoni. Darasani tulikuwa kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote ukimwondoa mwalimu, na hata yeye nilimkaribia. Wenzangu walikuwa vijana waliotoka shule juzi, wakaanza kuniita auntie kabla sijajitambulisha. Waliandika upesi kuliko mimi, na Kiingereza cha vitabu kiliwapitia kama maji. Mimi nilisoma ukurasa mmoja kwa saa moja, kidole chini ya mstari.

Lakini kuna mambo yaliyonijia kama salamu za nyumbani. Mwalimu alipoeleza kwamba kila kompyuta kwenye mtandao ina namba yake, na kwamba katikati kuna kifaa kinachopokea ujumbe na kuupeleka kwa mwenyewe, vijana walikuna vichwa. Mimi nilicheka kwa sauti. Kifaa hicho nilikuwa mimi. Na siku alipouliza, katika somo fupi la usalama, ni nani wa kuogopwa zaidi kwenye mtandao, mmoja akasema wezi wa Marekani, mwingine akasema virusi. Mimi nikasema ni yule anayekaa katikati, kwa sababu yeye husikia pande zote mbili na hakuna anayemkumbuka. Mwalimu aliwaamuru wote waandike. Mchana huo niliitwa auntie kwa sauti nyingine kidogo, na nikanunuliwa chai ya tangawizi na maandazi.

Nilikuwa na furaha pale, naweza kusema wazi. Nilikuwa na hofu kila siku na furaha kila siku. Jioni nilifua, nikapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kutosha siku mbili, nikakaa kwenye ngazi ya nyumba na kipande cha kebo mkononi nikijifunza rangi zake.

Kebo ile ndiyo iliyokaribia kunimaliza, na lazima niieleze. Ndani yake mna nyaya nane nyembamba, na zimesokotwa mbili mbili: wa rangi ya chungwa na mwenzake mweupe mwenye mstari wa chungwa, wa kijani na mwenzake, wa buluu na mwenzake, wa kahawia na mwenzake. Unazifungua mwishoni, unazipanga kwa mstari, unazisukuma kwenye kichwa kidogo cha plastiki na kuzibana kwa koleo. Mtu angedhani kila waya unakaa kando ya mwenzake. Hapana. Kwa sababu mashine, mwalimu alieleza na nikaelewa, huhesabu nafasi ya tatu na ya sita kuwa jozi moja, wale wawili wa kijani wanatengwa, na wale wa buluu wanakaa katikati yao. Ni kanuni ya dunia nzima. Niliikariri kama aya ya Biblia ya shule ya Jumapili, na vidole vyangu viliitii, ila kwa kinyongo. Nimelelewa mlangoni kwa msusi. Nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja ni uzi mmoja. Mtoto wa kwetu akizitenga hupigwa kofi mkononi. Na rangi unazipanga zikipendeza, kila moja na ndugu yake, ama kiondo kinachekwa sokoni.

Mtihani wa maandishi tuliufanya wiki moja kabla ya ule wa mikono. Karatasi zikaenda Nairobi kusahihishwa. Siku ya mtihani wa mikono alikuja msimamizi kutoka huko, mtu mnene mwenye miwani, aliyepanda ngazi ile kwa awamu mbili. Alikuwa na matokeo ya maandishi katika bahasha, nasi tukaambiwa hatuoneshwi mpaka mwisho. Kazi ilikuwa hii: kila mtahiniwa atengeneze kebo mbili ndefu, aunganishe kompyuta mbili kwenye kifaa cha katikati, azipe namba, kisha atume faili kubwa kutoka moja hadi nyingine. Dakika arobaini kwa kila mtu, kwa zamu.

Nilikuwa wa nne. Nilifanya kile ambacho mtu hufanya akiwa na hofu: niliiacha mikono ifanye kazi huku mimi nikiomba Mungu. Nikamaliza kebo mbili upesi kiasi cha kujishangaa. Msimamizi akazichomeka kwenye kipimo chake, kile chenye taa nane, na taa zikawaka moja baada ya nyingine, zote, kwa kebo zote mbili. Akaandika alama. Nikaunganisha, nikatoa namba, nikatuma ujumbe mfupi wa kujaribu, ukafika. Nikatuma faili kubwa.

Faili lilienda kidogo, likasimama. Likaenda tena, likasimama. Kisha likaganda kabisa.

Nikarudia kutoka mwanzo. Likaganda tena.

Msimamizi aliinama, akatazama, akaigonga kompyuta begani kama mtu anayeamsha mlevi. "Hii mashine ni mzee," akasema. "Cable zako ziko sawa, nimezipima. Usijali, mama. Kaa chini, nitaandika ni shida ya mashine."

Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Alikuwa mwema, na alikuwa ananipa cheti. Ningekaa tu. Nilimtazama mwalimu wangu aliyekuwa kando ya dirisha, ambaye hakuruhusiwa kusema neno, naye akawa anatazama nje kwa bidii isiyo ya kawaida. Nikachukua kichwa cha kebo yangu, nikakiinua kwenye mwanga. Plastiki yake ni ya kuonekana ndani. Chungwa na chungwa, kijani na kijani, buluu na buluu, kahawia na kahawia. Ilikuwa imependeza. Mama angeiuza.

Nilikuwa nimezipanga kama msusi. Pande zote mbili za kebo, kwa hiyo kipimo hakikuona kosa. Kila waya ulianza na kuishia mahali pake, na taa za kipimo hazijui zaidi ya hapo. Lakini mazungumzo yalikuwa yanapita kwenye nyaya zisizosokotwa pamoja, na yakawa yanaingiliana njiani, kama wateja wawili kwenye laini moja siku ya upepo. Maneno mafupi yanapita. Marefu yanapotea.

Nikatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na nne. Nilikuwa na kebo mbili, maana yake vichwa vinne, na kichwa kimoja kilikuwa kinanichukua dakika nne nikiwa nimetulia. Nikikata na nisimalize, sina kebo hata moja, sina mtandao, sina kazi, na watoto wangu wako Mbooni wanakula kwa mama aliyenionya.

Nilikata vyote vinne mfululizo, kabla sijapata muda wa kujionea huruma.

"Mama, unafanya nini?" msimamizi akauliza.

"Nimekosea, bwana. Hiyo tester haijaona."

Sikuomba tena. Nilisema rangi kwa sauti, moja moja, kama mwendawazimu, darasa zima likinisikia: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu. Pale kwenye buluu vidole vilikataa, na mimi nikavilazimisha. Kichwa cha nne nilikibana msimamizi akiwa ameshikilia saa yake ya mkononi. Nikachomeka. Nikatuma faili. Likaenda moja kwa moja bila kusita, likafika, na nilikuwa na muda wa kukaa chini kabla ya kengele. Kijana mmoja akaja kunisogezea kiti.

Saa kumi jioni msimamizi akafungua bahasha, akajumlisha, akatuita mmoja mmoja. Aliponifikia aliniuliza kwa nini nilikata kebo ambazo alikuwa ameshaziandikia alama. Nikamweleza habari za mkonge na viondo, kwa sababu sikuwa na maelezo mengine. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akatia sahihi. Kati ya sisi kumi na mmoja tulipita watano. Maandishi nilikuwa nimeyapita kwa alama ambazo sitazitaja, lakini kupita ni kupita.

Tulikuwa tumepatana na mama kwamba siku hiyo saa kumi na moja awe ofisi ya simu ya Kikima, nami nitapiga. Swichibodi ilikuwa bado ipo, na dada aliyekuwa amerudi kutoka wiki zake sita ndiye aliyekuwa akiihudumia katika miezi yake ya mwisho. Nikaenda kwenye kibanda cha simu na sarafu zangu, karatasi iliyotiwa sahihi nimeishika mkononi kwa sababu sikutaka kuikunja. Dada akaniunganisha. Nikasikia pumzi ya mama.

Mama hakuwa amezoea simu. Aliongea kwayo kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani: akishasimama, hakatizwi mpaka aseme amina.

"Mwaitu," nikaanza, ndivyo tunavyomwita mama.

"Mwanangu, usiseme kitu, nisikilize," akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya kutosha kufika Kitui bila simu. "Nimejua tangu juzi kwamba mtihani utakushinda. Usilie. Watoto wako wazima, wamekula. Nimeongea na wanawake wa mwethya wetu, wale tunaochimbiana mashamba kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ya wiki hii. Nimewaambia wasichimbe kwangu, wachimbe tuta lako, pale chini kwa mto penye udongo mweusi, na wamechimba jana mpaka jioni, tuta refu, na mbolea ya ng'ombe nimeibeba mimi mwenyewe. Ni lako. Kaka zako nimewaambia, hakuna atakayeuliza. Utapanda, utakula, watoto watasoma. Hakuna mtu atakayekucheka hapa mimi nikiwa hai. Ulijaribu. Mimi nilikunyamazia vibaya. Wewe rudi tu nyumbani, unasikia? Rudi hata kama..."

Laini ikakatika. Sarafu zilikuwa zimekwisha.

Nilisimama kwenye kibanda kile na kipokea sauti sikioni, na ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu barua ile ifike. Mtu mmoja aliyekuwa akisubiri nje alinigongea kioo, kisha aliponiona uso akaacha. Ningeweza kutafuta sarafu nyingine. Duka lilikuwa hatua kumi. Sikupiga tena.

Nilifika nyumbani Jumamosi. Mama alikuwa kule chini kwa mto, akivunja madongoa kwa jembe kwenye tuta jipya, na hakuona haya kwamba amekutwa akilifanyia kazi. Nikampa ile karatasi. Hakujua kusoma Kiingereza, kwa hiyo nikamwambia: nimepita, nimepewa kazi kwenye ofisi ya Kitui, naanza mwezi ujao. Akaitazama ile karatasi mbele na nyuma. Akatazama tuta, lililonyooka kutoka mkuyu hadi kwenye mpaka, kazi ya wanawake kumi na wanne kwa siku nzima. Nikaona midomo yake ikicheza, na nikajua hajui acheke ama alie, kwa maana na mimi sikujua.

"Basi," akasema mwishowe, "tuta likishachimbwa halifukiwi. Utakuwa unakuja Jumamosi."

Akanirudishia karatasi, akanipa na mbegu za mbaazi zilizokuwa zimefungwa kwenye ncha ya leso yake. Nikaitia karatasi mkobani, nikautundika mkoba kwenye tawi, nikavua viatu.